Mkeka wa Watu Wawili

Ilikuwa Jumatano ya tatu mfululizo, na hakuna aliyelalamika. Katika mji ule siku hazikupanga foleni. Jumatano ikiwapendeza watu, hukaa. Ijumaa ikiwa na haraka, huja mara mbili kabla ya Jumanne kupiga miayo. Walikuwapo wazee walioamka asubuhi wakiwa vijana, wakafua nguo zao, wakaanika, wakazeeka tena kabla nguo hazijakauka. Mgeni akiuliza leo ni siku gani, huambiwa atazame sufuria ambamo wasukaji hutia rangi chane, yaani vipande vyembamba vya majani ya kusukia: kuna siku ya chane za zambarau, siku ya chane nyekundu, na siku ya chane zisizotiwa rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda yao. Mimi ninayesimulia niliwahi kuwaandikia kalenda ya karatasi, yenye namba na mistari. Wakanishukuru kwa adabu, kisha wakafungia vitumbua.

Kitu kimoja tu hakikuyumba pale mjini, nacho ni adhana. Siku ziruke au zirudi nyuma, mara tano ilisikika, na mara tano watu waliacha walichokuwa wakifanya. Na mara tano mwanamke mmoja, Mwanakombo, alisimama mlangoni pake kama anayekwenda, akasita, akaketi tena.

Mchana ule alikuwa ameketi kizingitini, mguu mmoja ameunyoosha, anasuka ukili. Ukili, kwa asiyeujua, ni ule ukanda mwembamba wa majani ya ukindu unaosukwa kwanza, mrefu kadiri upendavyo, kabla ya kushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Watu wote husuka kwa mikono miwili. Mwanakombo alisuka kwa mkono wa kushoto, kwa meno, na kwa kidole gumba cha mguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, umefumbwa ngumi. Ulikuwa umefumbwa tangu siku ya mto.

Siku ya mto nitaisema mara moja tu, tena upesi, kwa sababu hata yeye huisema hivyo. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na mto ulikuwa umefura. Kijiji chao kilikuwa kinakimbia, na kilichokimbiwa kilikuwa nyuma na mto ulikuwa mbele. Mwanakombo aliingia majini amemshika mkono mdogo wake, Mize, mtoto wa miaka saba. Alimshika kwa mkono wa kulia. Alipotoka ng'ambo ya pili mkono wake ulikuwa umefumbwa barabara, na ndani hamkuwa na mtu.

Basi. Zaidi ya hapo ni swali, na swali hilo ndilo alilokula na kulala nalo. Je, nani aliyeachia? Mtu aliyeshika na asishike tena, je, ameachia, au amenyang'anywa? Na kama kidole kimoja kililegea kwa uchovu, hicho kidole ni yeye mzima, au ni kidole tu? Ukimwuliza mtu yeyote wewe ni nani, atakutajia jina la baba yake, kazi yake, mtaa wake. Mwanakombo, kama angeulizwa, angejibu kwa neno moja: mwachiaji. Hakuulizwa, maana watu wa mji ule walikuwa na haya. Kwa hiyo alijiuliza mwenyewe, kila asubuhi, kwa sauti ya chini, huku ukindu ukiwa katikati ya meno.

Nilimshika.

Nilimshika hapa, kwenye kifundo.

Hapana. Kwenye vidole. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nazi, nilimpaka mwenyewe asubuhi ile. Kwa nini nilimpaka mafuta?

Nilivuta. Maji yakavuta.

Vidole vyangu ni vitano. Kipi kilianza?

Na mto, wakati unachukua, haukuchukua Mize wa asubuhi ile peke yake. Ulichukua na Mize wa jana yake, na wa mwaka uliotangulia, na Mize mchanga aliyekuwa akilia akilazwa chali. Kila Mwanakombo alipojaribu kumkumbuka mdogo wake akicheza au akila, aliona maji tu. Alikuwa amebaki na kitu kimoja. Aliamini kwamba ndani ya ngumi ile, katikati ya kiganja, lilikuwa limesalia joto la mkono wa Mize. Alilisikia. Ndiyo maana hakuifumbua alipokula, hakuifumbua alipolala, na kucha zilipokua aliziacha zijipinde humo humo ndani.

Kisha ulikuja ubaya mwingine. Alipoukimbia mto, mto ulimfuata. Haukukimbia, ulitembea nyuma yake, mji kwa mji, unazidi kukonda kila unapolala, mpaka alipofika katika mji huu na kupewa nyumba, nao ukafika siku ya tatu ukiwa mwembamba kama uzi. Watu wa mji waliuona umechoka. Wakauchimbia mfereji, wakauongoza mpaka kwenye birika la msikiti. Mwanakombo alipoiona kazi hiyo aliingia ndani akafunga dirisha linalotazama msikitini, na hakulifungua tena.

Akabaki anasuka. Ukili wake ulikuwa na urefu usioelezeka. Ulizunguka nyumba mara nne, ukapita chini ya ua wa jirani, ukavuka uchochoro, ukapanda ukuta. Watu waliuruka kila siku, wakasema samahani kwa ukili wenyewe. Hakuwa ameupeleka kushonwa hata pima moja, na sababu yake hakumwambia mtu.

"Hodi! Hodi hapa kwenye mzizi wa ukili!"

Aliyepiga hodi alikuwa Bi Nunu, mshonaji mikeka wa mtaa wa pili, mama mnene, tambuu shavuni, na shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, ameichomeka kwenye ushungi wake. Alikuwa na sifa mbili: hakuna mkeka aliouharibu, na hakuna siri iliyolala kwake usiku wa pili.

"Karibu, Bi Nunu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimefumbua macho nikaona kitu kirefu kitandani, kiko miguuni pangu, nikajua nyoka. Nimepiga kelele mpaka marehemu mume wangu akaamka, akaniuliza kuna nini, akakumbuka kuwa alikwisha kufa, akaondoka zake. Kutazama vizuri, kumbe ukili! Nikasema, huu nitaufuata mpaka nimpate mwenyewe. Nimetembea tangu Jumatano ya kwanza."

"Nisamehe, Bi Nunu. Nitaukata."

"Ukate?" Bi Nunu aliketi chini bila kuambiwa, akapumua kwa nguvu. "Mji mzima unaruka ukili wako, na wewe unawaza kisu. Huu unataka kushonwa. Kwa nini hukuniita?"

Hapo sina budi kueleza desturi yao, maana bila hiyo mtadhani Bi Nunu alikuwa mdadisi tu. (Mdadisi alikuwa, lakini si hilo.) Katika mji ule kila mtu alisali juu ya mkeka ambao ukili wake aliusuka kwa mkono wake mwenyewe, lakini hakuna aliyeushona wake. Mwenye mkeka huketi mkabala na mshonaji, goti kwa goti. Yeye huzileta pamoja kingo mbili za ukili na kuzibana kwa mikono yote miwili, na mshonaji hupitisha sindano. Wao husema si vizuri mtu ajitengenezee peke yake mahali pa kuweka paji la uso. Mimi nadhani iko sababu nyingine. Watu wawili wakikaa goti kwa goti siku kumi, wakitazama mikono, mambo husemeka.

Bi Nunu aliuvuta ukili mapajani, akaanza kuupitisha vidoleni taratibu, kama anayechambua mchele.

"Hapa ulikuwa na homa," alisema. "Hapa ulikula chungwa, ukasuka bila kunawa. Hapa, aa, hapa umekaza mno, chane zimekatika. Hapa tena. Na hapa ulicheka."

"Sijacheka, Bi Nunu. Tangu nifike hapa sijacheka."

"Ukili unasema ulicheka. Kidogo. Pengine ulimwona mbuzi." Aliendelea kupapasa, midomo inahesabu. Kisha akainua macho. "Mwanangu, huu ukishonwa si mkeka wa mtu mmoja. Ni wa watu wawili. Unataka kusali na nani?"

Mwanakombo aliutoa ukindu menoni. Hakuwa amelijua jambo hilo mpaka lilipotajwa, na sasa alilisikia kifuani.

"Haya, si neno. Lete mikono tuanze."

"Nina mmoja."

"Na huo mwingine umeazima?"

Lilikuwa neno la utani, akalijutia mara ile ile, maana aliitazama ngumi kwa karibu na kuona kucha zilivyoingia kwenye nyama. Alitema tambuu pembeni.

"Mimi sisali, Bi Nunu," Mwanakombo alisema, na maneno yakaanza kutoka yenyewe. "Nasimama kila adhana. Nataka. Lakini udhu wangu hautimii. Maji lazima yafike kila mahali mkononi, sivyo? Humu ndani hayafiki. Humu ni pakavu tangu siku ile. Sasa nitasimamaje mbele ya Mungu na kiungo kikavu? Nimekaa nje. Nasikia tu watu wanaitikia amina."

"Nani aliyekwambia hivyo?"

"Hakuna."

"Ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu."

"Ala!" Bi Nunu alipiga goti lake kofi. "Kwa hiyo ulijipa fatwa mwenyewe, ukajihukumu mwenyewe, ukajifunga mwenyewe. Kadhi, askari na mfungwa, wote ndani ya kanga moja! Mwanangu, sikiliza. Marehemu mume wangu alivunjika mkono, akafungwa vijiti na bandeji hadi kwenye kiwiko. Miezi miwili. Akichukua udhu, pale penye bandeji alipaka maji juu yake tu, basi, akasali. Mwenye jeraha anapaka juu ya kitambaa. Ameondolewa uzito. Hilo hata mimi nisiyejua kusoma nalijua, na kila mtu hapa analijua, na yeyote angekwambia kama ungefungua kinywa."

Mwanakombo aliutazama uchochoro. Ni jambo gumu kwa mtu kuambiwa kwamba mlango aliolala nje yake haukuwa umefungwa. Hufurahi, ndiyo, lakini kwanza huumia, kwa sababu ya baridi yote aliyoivumilia bure. Alizikumbuka adhana zile, mara tano kwa siku, kwa siku zisizohesabika, na kila moja ilikuwa ikimwita yeye pia, kwa jina lake, pamoja na ngumi yake. Aliona aibu, kisha akaona huruma, na hiyo huruma ilimshangaza, maana alijionea huruma mwenyewe. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

"Sijakwambia ukweli wote," alisema. "Si kwamba mkono haufunguki. Sitaki ufunguke. Humu ndani bado mna joto lake. Nikifungua litatoka, na mimi sina kitu kingine cha Mize."

Mtu mwingine angetoa nasaha ndefu, na Bi Nunu uwezo huo alikuwa nao, lakini alichomoa shazia ushungini, akatunga uzi wa ukindu.

"Basi usifungue," alisema. "Bana kingo kwa kushoto, kandamiza kwa ngumi. Tutashona hivyo hivyo."

Wakashona. Siku ya zambarau ilipita, ikaja ya nyekundu, ikaja ya zambarau tena kwa kuwa ilisahau kitu. Mkeka ulianzia katikati, mdogo kama kifuniko cha mtungi, na Bi Nunu alieleza desturi nyingine: mkeka husaliwa tangu siku ya kwanza, hata ukiwa haujatosha, ili ukue pamoja na mtu. Adhana ilipolia, alimshika Mwanakombo kiwiko, akamwinua.

Walipofika birikani Mwanakombo aliganda. Aliyatambua maji yale kabla hajayaona. Yalikuwa yametulia ndani ya birika la mawe, yana ubaridi ule ule, na harufu ile ile ya udongo na majani.

"Mmemkaribisha muuaji," alisema. "Mmempa nyumba. Mmempa nyumba ya Mungu."

"Ulikuja umekonda kama uzi, mwanangu," Bi Nunu alijibu polepole. "Na sisi tulikuwa na kiu. Hatukujua mliwahi kukutana."

Swali hili limenisumbua na mimi, na sioni haya kulisema. Maji yaliyoua yanawezaje kutwaharisha? Nimeliuliza kwa wenye vilemba na kwa wenye vitabu, na kila mmoja amenipa jibu zuri nililolisahau kabla ya kufika nyumbani. Najua tu kwamba Mungu hakutuumbia mito miwili, mmoja wa msiba na mmoja wa kunywa, ili tujue upi wa kuukimbia. Ametuachia huu huu mmoja. Anayetaka kunawa atanawa humo, na anayeuchukia ataona kiu, na wote wawili wana haki. Sijui zaidi. Mwanakombo naye hakujua. Alisimama pale mpaka safu ya kwanza ikaisha kujipanga, kisha akachukua kata kwa mkono wa kushoto, akayachota yale maji huku amefumba macho, akanawa uso. Hayakumfanya kitu. Alipofika mkono wa kulia, alipaka maji juu ya ngumi kwa nje, kama bandeji, akaenda akasali.

Sijda yake ya kwanza ilikuwa juu ya mkeka wenye upana wa sahani. Paji la uso tu ndilo lililopata ukili. Magoti yalikuwa kwenye sakafu, na ngumi imesimama pembeni kama jiwe. Hakuona nuru. Hakusikia sauti. Alisikia mama mmoja nyuma yake anakohoa, na tumbo la Bi Nunu linaunguruma. Alipoinuka alikuwa amelia, na hakujua alianza kulia wakati gani.

Ninyi mnaopenda hadithi zilizonyooka mtakuwa mnangoja niseme kwamba kila mkeka ulipokua, kidole kimoja kililegea, siku ya tano mkono ukawa wazi. Haikuwa hivyo. Siku nyingine ngumi ilikaza kuliko jana yake. Siku moja ya chane zisizotiwa rangi alimkaripia Bi Nunu kwa jambo dogo, akaurusha mkeka uani, akalala juu ya udongo mpaka jioni. Kesho yake Bi Nunu alikuja na uji, akaupangusa mkeka vumbi, na kusema, "Tulifika hapa." Wakaendelea. Alisali siku alizotaka na siku alizochukia. Siku alizochukia, alimwambia Mungu kwamba amechukia, na alisema hivyo kwa Kiswahili cha kawaida, bila kutafuta maneno makubwa.

Mkeka ukafika magotini. Mkeka ukapanuka ubavuni. Ikaja siku, nadhani ilikuwa Alhamisi, ulipotoshea paji la uso na viganja viwili.

Siku hiyo aliposujudu, ngumi yake ilitua juu ya ukili badala ya sakafu. Ulikuwa ule ukili uliokazwa mno, wenye chane zilizokatika. Aliutambua kwa mkwaruzo wake. Akabaki pale. Sijda ile ilikuwa ndefu. Waliokuwa nyuma yake wanasema ndani yake zilipita Alhamisi mbili, na kwamba waliinuka, wakasalimu, wakaenda kula, wakarudi, wakamkuta bado chini.

Alikuwa anatembea njiani. Njia ya vumbi, kando yake mashamba ya mihogo, na jua la asubuhi mgongoni. Hapakuwa na mto. Alitafuta maji kila upande, akaona mihogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitu laini, chenye mafuta ya nazi, na kando yake mtu mfupi alikuwa anaruka ruka kwa mguu mmoja, anaimba wimbo usio na maana juu ya kuku mwenye soksi. Halafu wimbo ukakatika.

"Dada."

"Nini?"

"Unanibana."

"Nikikuachia utakimbia."

"Sikimbii. Unanibana, dada. Legeza."

Ilikuwa siku ya kwenda kununua chumvi. Siku ya kawaida, isiyo na lolote. Mize alikuwa akisema hivyo siku zote! Kila njia waliyopita, kila sherehe waliyokwenda: unanibana, dada, legeza kidogo. Na yeye alikuwa akilegeza, na Mize hakukimbia, alibaki na kidole kimoja tu cha dada yake, akiruka na kuimba. Ilirudi siku hiyo, na nyuma yake zikaja nyingine, zimeshikana kama chane. Mize anakula embe, amechafuka hadi masikioni. Mize anamdanganya mama na uwongo unaonekana puani. Mize mchanga analia akilazwa chali.

Kisha mambo yakachanganyika, na hapa siwezi kuapa. Mkono ulioshika ulikuwa mkubwa na ulioshikwa ulikuwa mdogo, na Mwanakombo hakujua tena yeye ni upi. Alijiona yeye ndiye mdogo. Alijiona anatembea njiani, vumbi miguuni, na kuna Mwenye kumshika ambaye uso wake haukuonekana kwa ajili ya jua. Alikuwa ameshikwa tangu zamani: majini, na ng'ambo ya pili, na kizingitini pale alipoketi akisuka, na siku alipourusha mkeka uani. Alijaribu kusikia kama anabanwa. Hakubanwa. Aliyemshika hakuwa na hofu kwamba atakimbia.

"Haya, mdogo wangu," Mwanakombo alisema ndani ya sijda, kwa sauti, na wote wakasikia. "Nimelegeza."

Vidole vilifunguka kwa maumivu. Kucha zilitoka kwenye nyama moja moja. Aliinuka, akakaa, akautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mtoto aliyezaliwa leo, na kilinuka. Hakikuwa na kitu ndani. Lile joto, kama lilikuwamo, halikuruka kama ndege wala halikutoka kama moshi. Mkono ulikuwa mtupu, basi. Akalia kwa kelele, kama watu wanavyolia matangani, kwa kuwa Mize hakuwa amezikwa na hayo ndiyo yalikuwa matanga yake. Wanawake wa msikiti walimzunguka wakalia naye, wengine kwa ajili ya Mize na wengine kwa ajili ya watu wao wenyewe.

Bi Nunu alimpeleka birikani. Hakumsukuma. Alisimama hatua tatu nyuma, akazifunga pindo za kanga yake.

Mwanakombo alipiga magoti ukingoni, akayatazama maji. Yalitulia. Yalikuwa yamemfuata mwendo mrefu.

"Sijakusamehe," aliyaambia. "Nioshe."

Akatia kiganja.

*

Mkeka ulimalizika siku ya chane nyekundu. Waliubeba watu wanne hadi msikitini, na ulipokunjuliwa upande wa wanawake watu walicheka kwa furaha, maana ulienea kama ua wa nyumba. Mwanakombo alisimama upande wa kushoto. Upande wa kulia aliuacha. Alisali hivyo Jumatano zote na Ijumaa zote, na hakuna aliyethubutu kukanyaga upande ule, hata Bi Nunu, ambaye kwa kawaida hukanyaga popote.

Ikawa mchana mmoja, adhana imekwisha na safu zinajipanga, akaingia mwanamke mgeni. Alikuwa amebeba mlango kichwani. Mlango mzima, wenye bawaba na kitasa, umeungua upande mmoja. Katika mji alikotoka, mlango huo ndio pekee uliobaki wa nyumba yake. Miguu yake ilikuwa na majivu. Alisimama kizingitini, hajui autue wapi mzigo wake wala kama anaruhusiwa kuingia nao, na wanawake wote wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa na mkeka wa mtu mmoja.

Mwanakombo alimtazama kwa muda. Aliiona mikono ya mgeni ilivyoukaza ule mlango pande mbili, vidole vimekufa ganzi. Akaenda, akamsaidia kuutua, wakauegemeza ukutani kwa uangalifu kama kitu cha thamani. Kisha akamshika kwa mkono wa kulia, bila kumbana, akamwongoza hadi mkekani.

Mgeni alisita. Aliuona upande mtupu, msafi, ambao haukuwa na alama hata moja ya goti.

"Dada," alisema kwa sauti iliyokauka, "hii si nafasi ya mtu?"

Mwanakombo alifungua kinywa. Tangu siku ya mto hakuwa amemwambia mgeni yeyote jina lile.

"Ni ya Mize," alisema. "Mdogo wangu. Simama tu, dada. Hakuwa mchoyo."